Seli Mpya za Kongosho, na Kinga Isiyosahau

Katika kliniki ya kisukari ya watoto ninakompeleka binti yangu, wazazi wapya karibu wote huuliza swali moja mapema: seli za kongosho zilizokufa haziwezi kuota tena? Ngozi iliyochubuka huota, mfupa uliovunjika huunga, na ini lililokatwa kipande hurejea ukubwa wake; kwa nini basi kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula kishindwe? Swali hilo ni la haki, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kulihusu, kwanza kwa ajili ya mtoto wangu, na baadaye kwa sababu jibu lake lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Seli hizo zinaweza kurudi, tena kwa njia zaidi ya moja, na zimeshaonekana zikirudi katika maabara na hata katika miili ya watu wachache. Kinachokwamisha ni kwamba kilichoziua mara ya kwanza bado kipo mwilini, na kinazikumbuka.

Sehemu kubwa ya kongosho hutengeneza majimaji ya kusaga chakula. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, aliona kwa darubini vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani ya kiungo hicho, akavieleza kwa uangalifu bila kujua kazi yake. Leo tunaviita visiwa vya Langerhans. Mtu mzima ana visiwa vipatavyo milioni moja, lakini ukivikusanya vyote ni asilimia moja au mbili tu ya uzito wa kongosho. Ndani yake zimo seli beta zinazotoa insulini, na pembeni mwa hizo zimo seli alfa zinazotoa glukagoni, homoni inayopandisha sukari pale inaposhuka. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinachotokana na kinga ya mwili, seli T, ambazo kazi yake halali ni kuua seli zilizoingiliwa na virusi, huingia katika visiwa hivyo na kuua seli beta huku zikiziacha seli alfa zilizo jirani kabisa. Uharibifu huo huendelea kimyakimya kwa miezi au hata miaka, na wakati huo wote damu inaweza kuonyesha kingamwili, yaani protini ambazo kinga huzitengeneza dhidi ya inachokiona kama adui: dhidi ya insulini yenyewe, dhidi ya protini iitwayo GAD, na dhidi ya nyingine chache. Dalili huja mwishoni: kiu isiyokatika, mkojo wa kila saa, kukonda.

Binti yangu alipofikia hapo, zahanati tuliyoanzia ilimtibu malaria kwa dawa mseto bila kumpima sukari. Tulipomfikisha hospitali alikuwa akihema kwa nguvu, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nalitaja hili kwa sababu linawapata watoto wengi katika nchi zetu, na kwa sababu kipimo kinachohitajika ni tone la damu ya kidole na sekunde chache za kusubiri.

Jambo la kwanza lililonipa moyo katika kusoma kwangu ni kwamba seli beta haziteketei zote. Taasisi ya Joslin iliyoko Boston, Marekani, huwatunuku medali watu waliotumia insulini kwa miaka 50 au zaidi, na watafiti wake waliwaomba wenye medali hizo wapimwe. Walipima C-peptidi, kipande kinachokatwa na mwili wenyewe pale unapotengeneza insulini, ambacho hakimo katika insulini ya chupa. Kwa hiyo kikionekana kwenye damu ya mtu anayejidunga, ni ushahidi kwamba kongosho lake bado linafanya kazi kidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu yao bado walikuwa nacho, na kongosho zilizochunguzwa baada ya wenyewe kufariki zilikuwa bado na seli beta. Baada ya nusu karne ya mashambulizi, kuna seli zilizobaki, au kuna zinazozaliwa na kuuawa na kuzaliwa tena. Kwa vyovyote vile, mahali pa kuanzia papo.

Swali linalofuata ni seli mpya zitoke wapi. Mwaka 2004 Yuval Dor na wenzake katika maabara ya Douglas Melton, Chuo Kikuu cha Harvard, walionyesha kwamba katika panya waliokomaa seli beta mpya hutokana na seli beta zilizopo kugawanyika, wala si kutokana na akiba iliyofichika ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kama wengi walivyodhani. Melton mwenyewe amesema hadharani mara nyingi kwamba aliacha utafiti wake wa awali wa viinitete vya vyura na kuhamia huku baada ya mwanawe wa kiume kupatikana na kisukari hiki akiwa mtoto mchanga. Binti yake alifuata miaka mingi baadaye. Nikisoma kazi zake huwa nakumbuka hilo. Tatizo ni kwamba kwa binadamu mgawanyiko huo huwa wa kasi katika utoto wa mwanzo, kisha hupungua hadi karibu kukoma. Kongosho la mtu mzima lina seli ambazo kwa miongo zimefungiwa breki.

Kimojawapo cha vinavyoishikilia breki hiyo ni kimeng'enya kiitwacho DYRK1A. Andrew Stewart na wenzake wa Mount Sinai, New York, walipima maelfu ya kemikali wakitafuta inayoweza kuiachia, na mwaka 2015 walitangaza kwamba waliipata katika harmini, kemikali inayotoka katika mimea kadhaa, mmojawapo ukiwa ule ambao watu wa Uarabuni na Uajemi huufukiza, na ambao Waarabu huuita harmali. Kwa harmini peke yake, takribani seli beta mbili katika kila mia moja za binadamu zilionekana zikigawanyika. Ilipoambatanishwa na dawa za kundi la GLP-1, ambazo tayari hutumika kwa kisukari cha aina ya pili, athari ilikua zaidi, na mwaka 2024 kundi hilo liliripoti kwamba seli beta za binadamu zilizopandikizwa katika panya ziliongezeka mara nne hadi saba ndani ya miezi mitatu. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuonyesha ongezeko la namna hiyo kwa seli za binadamu ndani ya mwili ulio hai. Hata hivyo naomba msomaji aelewe vizuri: harmini ni kemikali inayogusa ubongo, hutapisha, na kwa dozi isiyopimwa ni sumu, na kitu kinachoachia breki za mgawanyiko wa seli ni lazima kichunguzwe kama hakiachii breki hizo mahali pengine mwilini. Anayeuza majani ya mmea huo kwa jina la kufufua kongosho anauza hatari.

Njia ya pili haihitaji seli beta kuzaana. Pedro Herrera na wenzake wa Geneva waliua karibu seli beta zote za panya, wakawaweka hai kwa insulini, wakasubiri. Mwaka 2010 walieleza kwamba baadhi ya seli alfa zilikuwa zimegeuka zenyewe na kuanza kutoa insulini. Mwaka 2019 walifanya hivyo kwa seli alfa za binadamu, safari hii kwa kuziingizia protini mbili, PDX1 na MAFA, ambazo huwasha jeni za seli beta. Zilipopandikizwa katika panya wenye kisukari, sukari yao ilishuka. Jambo hilo lina uzito kwetu kwa sababu seli alfa za mgonjwa wa aina ya kwanza zipo, nyingi, na hazijaguswa.

Hapa ndipo dawa mseto inaporudi katika habari hii, kwa namna ambayo sikuitegemea. Mapema mwaka 2017, jarida la Cell lilichapisha kazi ya kundi la Stefan Kubicek wa Vienna iliyodai kwamba artemetha, moja ya dawa mbili zilizomo katika vidonge vya mseto vinavyomezwa kila siku kutoka Mtwara hadi Turkana, huzigeuza seli alfa kuwa seli beta. Wapo waliosherehekea, na sishangai: kidonge cha bei nafuu, kinachojulikana usalama wake, kinachopatikana hadi duka la dawa la kijijini. Mwaka uliofuata kundi la Mark Huising wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilirudia jaribio hilo kwa panya ambao seli zao alfa zilikuwa zimewekewa alama ya kudumu, ili seli iliyowahi kuwa alfa itambulike hata ikibadilika. Hazikubadilika kuwa beta. Tena, artemetha ilizifanya seli beta zenyewe zitoe insulini kidogo zaidi. Bado ninapata ujumbe wa simu unaozungushwa wenye ile habari ya kwanza, bila ya pili, na kila mara nalazimika kumjibu aliyeutuma, kwa heshima, kwamba mtoto mwenye kisukari asipewe dawa mseto isipokuwa ana malaria iliyothibitishwa.

Kisa hicho hakiko peke yake. Mwaka 2013 maabara ya Melton iliyoheshimika ilitangaza homoni iliyoipa jina betatrofini na kusema huongeza seli beta za panya kwa wingi. Wengine walijaribu na kushindwa kupata matokeo hayo, na maabara yenyewe ikarudia majaribio yake bila kificho pamoja na kundi lililoipinga. Mwishoni mwa 2016 makala ile iliondolewa rasmi na waandishi wake. Mimi si mwanasayansi, lakini tangu nijifunze visa hivi viwili, habari yoyote ya tiba mpya huisoma nikitafuta kwanza kama kundi jingine, lisilo na maslahi, limepata jambo lilelile, na kama seli zilizotumika ni za panya au za binadamu.

Sasa tuchukulie kwamba seli zimerudi. Miaka ya 1980 madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiongozwa na David Sutherland, walichukua kipande cha kongosho kutoka kwa mtu mzima wa afya na kumpandikizia pacha wake wa kufanana aliyekuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Kwa kuwa mapacha hao wana jeni zilezile, mwili wa mpokeaji hauna sababu ya kukikataa kiungo kama kigeni, na hivyo wale wa kwanza hawakupewa dawa za kushusha kinga. Kiungo hakikukataliwa. Lakini baada ya majuma machache seli T zilivivamia visiwa na kuua seli beta peke yake, zikiacha nyingine, na kisukari kikarudi. Wagonjwa hao walikuwa wameishi na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kinga iliyouanzisha ilikuwa imebaki macho kwa muda wote huo, ikingoja adui asiyekuwepo, na alipotokea ilimmaliza kwa kasi kuliko mara ya kwanza.

Nadhani hakuna jaribio linalopaswa kujulikana zaidi kwa mzazi anayeambiwa kwamba chai fulani au kidonge fulani kitaotesha seli za mwanawe. Hata kama kingeziotesha.

Wanaopandikiza seli kutoka nje wamelikabili jambo hili kwa dawa za kushusha kinga. Mwaka 2000 kundi la James Shapiro wa Edmonton, Kanada, liliripoti wagonjwa saba waliopandikizwa visiwa kutoka kwa watu waliofariki, na wote saba wakaacha insulini. Miaka mitano baadaye, kati ya waliopandikizwa hapo, takribani mmoja katika kumi ndiye aliyekuwa bado haitumii, ingawa wengi walibakiwa na seli zenye kufanya kazi kiasi. Upungufu wa watoaji umeanza kuzibwa na seli shina. Majaribio ya zimisleseli, tiba ya kampuni ya Vertex ambayo chimbuko lake ni kazi ya Melton, hutumia seli zilizokuzwa maabara na kudungwa katika mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Kati ya watu 12 waliopata dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini mwaka mmoja baadaye, kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa mwaka 2025. Ni matokeo ambayo kizazi cha wazazi wangu kisingeyaota. Katika majaribio hayohayo watu wawili walifariki, mmoja kwa homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi wa kriptokoka. Yeyote aliyefanya kazi katika wodi za Afrika Mashariki anaujua ugonjwa huo kwa wagonjwa ambao kinga yao imeangushwa na VVU, na hana haja ya kuelezwa kushusha kinga kwa makusudi maana yake ni nini mahali ambapo kifua kikuu ni cha kawaida. Kwa mtoto anayeendelea vizuri na sindano zake, sidhani kwamba badiliko hilo lina faida.

Huko Tianjin, China, mwanamke wa miaka 25 alipandikizwa mwaka 2023 seli zilizotengenezwa kutokana na mafuta yake mwenyewe, kwa njia ya kemikali iliyobuniwa na kundi la Deng Hongkui wa Chuo Kikuu cha Peking. Siku 75 baadaye aliacha insulini. Habari zilizosambaa zilisema ameponywa na seli zake. Zilichosahau kusema ni kwamba tayari alikuwa akitumia dawa za kushusha kinga kwa sababu ya ini alilowahi kupandikizwa, na kwa hiyo hatujui kama bila dawa hizo kinga yake ingeziacha.

Kazi ninayoifuatilia kwa shauku kubwa zaidi imefanyika Uppsala, Uswidi, chini ya Per-Ola Carlsson pamoja na kampuni ya Sana. Visiwa vya mtoaji vilihaririwa kijeni: jeni mbili zilizimwa ili seli zisionyeshe alama ambazo seli T huzitambua, na protini CD47, ambayo huwaambia walinzi wengine wa mwili wasishambulie, ikaongezwa. Kisha zikadungwa katika msuli wa mkono wa mwanamume aliyeishi na kisukari tangu utotoni, bila dawa yoyote ya kushusha kinga. Uhariri huo hauwezi kufanikiwa kwa kila seli, na upungufu huo ukageuka kuwa ushahidi. Seli ambazo hazikuhaririwa ziliuawa na seli T. Zilizozimwa alama bila kuongezewa CD47 ziliuawa na walinzi wengine. Zilizokamilika zilibaki, na majuma 12 baadaye bado zilikuwa zikitoa insulini kulingana na sukari yake. Dozi ilikuwa ndogo mno kumwondoa kwenye sindano, na ni mtu mmoja. Lakini swali la kama seli inaweza kuishi machoni pa kinga iliyokwisha kuizoea kuiua limepata, kwa mara ya kwanza, jibu la ndiyo.

Wengine wanajaribu kuituliza kinga yenyewe. Dawa ya teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2022, huchelewesha ugonjwa kwa wastani wa miaka miwili kwa walio na kingamwili lakini hawajaanza dalili. Kidonge cha barisitinibu, katika jaribio la Australia la mwaka 2023, kilihifadhi seli zilizosalia kwa waliogundulika karibuni. Mimi naamini tiba itakayodumu itachanganya pande hizi mbili, kitu cha kuongeza seli na kitu cha kuzuia zisiuawe, na yeyote anayeahidi upande mmoja bila mwingine bado hajajibu swali.

Haya yote yanahitaji mgonjwa aliye hai. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet la kisukari mwaka 2022 ulikadiria kwamba mtoto wa miaka 10 anayegundulika na aina ya kwanza katika nchi ya kipato cha chini ana wastani wa miaka 13 mbele yake, wakati mwenzake wa nchi tajiri ana 65. Tofauti hiyo haitokani na seli shina. Inatokana na insulini inayotumika kwa wagonjwa tangu 1922, stripu za kupimia, na mahali pa baridi pa kuhifadhi chupa. Katika kliniki yetu wapo kina mama wanaoiweka katika chungu kidogo kilichozungushiwa mchanga uliolowekwa maji, na muuguzi huwakagua wanavyoiviringisha taratibu viganjani ile chupa ya rangi ya maziwa kabla ya kuvuta dozi, kwa sababu ikitikiswa kwa nguvu povu huharibu kipimo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Mwaka 2025 watafiti waliopima vijana karibu 900 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, waliogundulika kabla ya kufika miaka 30 na kutibiwa wote kama wagonjwa wa aina ya kwanza, waliripoti kwamba takribani theluthi mbili hawakuwa na kingamwili zozote za visiwa, na mwelekeo wao wa kijeni unaoambatana na ugonjwa wa kinga ulikuwa mdogo. Hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili pia. Insulini wanaihitaji, hakuna mwenye kulitilia shaka hilo na asiwepo mzazi atakayeisimamisha kwa kusoma haya. Lakini ikiwa kongosho lao lilipungukiwa seli kwa sababu nyingine, basi pacha wa Minnesota si mfano wao, na dawa inayoongeza seli beta inaweza kuwatosha bila mlinzi wa kuandamana nayo. Watoto ambao huenda wangefaidika mapema zaidi na utafiti huu wako huku, na majaribio yote niliyoyataja yamefanyika kwingine.

Binti yangu alipimwa kingamwili za GAD, na alikuwa nazo. Yeye atahitaji pande zote mbili. Tulilipa wenyewe, na damu ilisafirishwa hadi maabara ya mjini. Katika benchi tunalokalia wapo watoto ambao hawajawahi kupimwa kingamwili wala C-peptidi, na hakuna anayejua wako kundi gani. Vipimo hivyo viwili ndivyo ninavyoviomba kila kikao cha wazazi, vifanyike angalau mara moja kwa kila mtoto anayeandikishwa, na majibu yahifadhiwe, ili siku watafiti wa harmini au wa Uppsala watakapotafuta washiriki, kliniki yetu iwe na orodha ya kuwapa.